Baba Yako Kwenye Rafu ya Viatu

Ngazi za Hekalu la Raghunathji,
Devprayag, Garhwal.
14 Novemba.

Mpendwa mwanangu Yashpal,

Pokea salamu zangu na za mama yako mdogo. Natumaini wewe, mkeo Renuka na mjukuu wangu Tanvi mko wazima, na kwamba baridi ya huko Kalgari haijawang'oa masikio. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. La kulia limeacha kazi. Mama yako mdogo ana kikohozi, lakini hakijamzuia kusema. Ng'ombe amezaa, ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso.

Habari njema zimeishia hapo. Nimezitanguliza kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la tano, ambalo ndilo nililoishia, alitufundisha kwamba barua huanza kwa salamu hata kama mwandishi amekunja ngumi.

Nimekunja ngumi, Yashpal.

Utajiuliza kwa nini sikukupigia simu. Nilikupigia mara tatu. Simu yako ina kile kitufe chekundu, na wewe una kidole chepesi. Barua haina kitufe. Utaisoma mpaka mwisho, na hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Nianze na ile video ya majivu ya baba yako yakitiwa mtoni. Uliniambia umeitazama ukalia, Renuka naye akalia, na kwamba mliwaonyesha hata majirani zenu Wakanada, nao wakainamisha vichwa. Sasa nisikilize vizuri. Majivu mliyoyalilia yalitoka kwenye jiko la chai la Lakhpat. Ni kuni za mwaloni, na nahisi kulikuwa na maganda ya mayai mawili ndani yake, ingawa Lakhpat anaapa kwamba hakaangi mayai katika mji mtakatifu.

Baba yako hakuwemo mle. Wakati ule video inapigwa, baba yako alikuwa mapajani mwangu, chini ya blanketi, hatua sitini kutoka hapo, ananisikiliza nikitukana.

Najua umekaa chini sasa. Kaa. Nitakueleza yote, na nataka ujue pia lipi linaloniudhi na lipi nilishalisamehe, usije ukasema baba mdogo amezeeka anamchukia kila mtu.

Kaka yangu alipofariki kule Dehradun mwezi wa saba, mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara. Nilikaa siku mbili ndani ya basi nikila njugu za abiria wenzangu, na nilipofika, moto ulishazimika, na wewe ulishakwenda uwanja wa ndege. Hilo silo kosa lako. Mlima haukukuomba ruhusa. Tena wewe ndiye uliyeuwasha moto, kama inavyompasa mwana, na hilo nalishukuru. Walinionyesha picha yako ukiwa umenyoa pembeni tu na juu umeacha, kama mcheza kriketi. Nalo nimelisamehe. Mimi nilinyoa chote, kwa niaba yetu sote wawili, na kichwa changu kina mabonde mengi kuliko wilaya hii.

Lakini nilikuuliza kwa simu, "Mifupa iko wapi?" Ukasema, "Usihangaike, baba mdogo, nimeshapanga kila kitu." Mimi mjinga nikaelewa kwamba umepanga kurudi. Nikajisemea, mvua zikiisha Yashpal atakuja na kitambaa chekundu cha mifupa mkononi, atashuka ngazi hizi nilizomshika mkono akiwa na miaka minne, atamtia baba yake majini kama baba yake alivyomtia babu yake. Nikamwambia mama yako mdogo atenge unga mpya wa wimbi kwa ajili ya mikate, maana Kanada wimbi hakuna.

Hakuna aliyenieleza kwamba kaka yangu Jot Singh amefungiwa katika kabati la chuma, namba thelathini na moja, pale pale walipomchomea, na kwamba ufunguo umewaachia watu wa kampuni iitwayo Mto Mlangoni, wanaotia mifupa ya watu mtoni kwa malipo na kukutumia video. Miezi mitatu kabatini. Mtu aliyelala maisha yake yote dirisha wazi, hata theluji ikidondoka kwenye mto wake, mpaka mama yako akahamia jikoni.

Sasa sikiliza nilivyopata kujua.

Tarehe kumi na nne Oktoba nilikuwa nimekaa mahali pangu, chini ya lango, na rafu zangu za viatu. Wewe kazi yangu hii ya kuwatunzia viatu wanaopanda hekaluni hukuipenda kamwe. Uliwahi kuniambia kwamba babu zetu Wapanwar walishika panga na mimi nashika ndala. Ni kweli. Lakini kwa miaka thelathini na mbili nimeshika viatu vya majaji na vya wezi, na siku nyingine vya mtu mmoja aliyekuwa vyote viwili, na hakuna aliyeondoka na jozi isiyo yake. Namjua mtu kwa soli. Yule aliyekuja siku ile alikuwa na soli iliyolika upande mmoja, mtu wa kukimbia kimbia. Nywele ameziweka rangi ya kutu, shingoni amening'iniza simu mbili, na begani ana mkoba mkubwa wa turubai wenye mikanda ya ngozi.

Mlinzi wa lango akamwambia ngozi haiingii kwa Raghunathji. Yule bwana akanigeukia mimi.

"Mzee, basi nikuachie na mkoba, nikapige magoti mara moja juu."

"Una nini humo?"

"Vitu vya wateja. Usivitikise tu."

"Havivunjiki?"

"Wateja wenyewe hawavunjiki tena, mzee," akasema, akacheka, akapanda ngazi mbili mbili.

Unanijua. Ukiniambia usitikise, nitatikisa. Nikafungua. Ndani mlikuwa na makopo matano ya plastiki yenye vifuniko vya kuzungusha, yale yale mama yako mdogo anayotilia achari ya limau. Kila kopo na karatasi yake yenye jina la Mto Mlangoni. La kwanza mwanamke wa Delhi. La pili simkumbuki. La tatu liliandikwa: Jot Singh Panwar. Dehradun, kabati la chuma namba 31. Pakeji ya Fedha. Dakika nne, bila muziki.

Ningependa kukwambia kwamba moyo wangu ulinijulisha kabla sijasoma. Haukunijulisha. Nilisoma ile karatasi mara tatu nikifuata kwa kidole, na mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba kaka yangu yuko kwenye rafu yangu ya viatu, kati ya ndala za bibi mmoja wa Gujarat na buti za askari zilizokuwa zinanuka kama mbuzi aliyelowa.

Miaka thelathini na mbili sijawahi kupandisha kiatu juu ya chakula cha mtu, wala juu ya ua, wala juu ya karatasi yenye jina la Mungu. Na mfupa wa kaka yangu nimeuweka pale kwa mkono wangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeupokea mkoba. Umenifanya niweke, Yashpal. Hilo silisamehe leo. Niulize tena mwakani.

Mtu akipanda kwa Raghunathji, pamoja na foleni na kengele, anatumia dakika ishirini. Nilimwita Lakhpat avuke na ndoo yake.

"Nipe majivu," nikamwambia.

"Ya nini, kaka Chait?"

"Ya kaka yangu."

Lakhpat akachungulia mkoba, akasoma, akavua kofia. Halafu, kwa kuwa ni Lakhpat, akasema, "Jot Singh alikuwa anaiita chai yangu maji ya kuoshea miguu."

"Basi leo jiko lako litakwenda mtoni kwa jina lake. Mtakuwa mmepatana."

Ndani ya kopo mlikuwa na kile kitambaa chekundu ulichokifunga mwenyewe. Fundo lako nalijua, ni lile nililokufundisha kufungia mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikakitoa, Lakhpat akajaza kopo kutoka kwenye ndoo, tukafunga. Yule bwana aliposhuka, nilikuwa nimejifunika blanketi na baba yako mapajani, namwambia, "Wateja wako watulivu sana." Akanipa ahsante.

Nikamtazama akifanya kazi yake. Hakushuka hata mpaka kwenye makutano. Wewe umezaliwa hapa, unajua mahali mama mkwe anapomkuta mkamwana: Bhagirathi anatoka kushoto akipiga kelele na povu mdomoni, Alaknanda anatoka kulia kimya na maji yake ya kijani, na pale kwenye ngazi ya mwisho, penye minyororo, ndipo wanakuwa Ganga. Ni pale tu. Yeye alisimama upande wa mkamwana peke yake, hatua nyingi juu, kwa sababu jua lilikuwa zuri kwa simu. Panditi, kuhani wa kusoma sala, alikuwa wa kukodi kutoka chini bondeni, amevaa miwani ya jua, anasoma majina kwenye simu ya pili. Wewe uliyelia, ulisikia amemwita baba yako nani? Jyoti. Sajini mstaafu, masharubu kama ufagio, anapelekwa kwa babu zake kwa jina la kike. Nililishukuru jiko la Lakhpat kwa kubeba aibu ile.

Basi nikabaki naye. Nyumbani haingii, hilo hata wewe hujalisahau, na chini hawekwi. Nikamtundika kwenye ule mti wa mpipali wa chini ya hekalu, tawi linalotazama maji, kama wazee walivyowatundika wafu wao wakisubiri safari. Nikahamishia kiti na rafu zangu pale ili nimwone. Jioni nikamweleza mama yako mdogo.

"Umemwiba kaka yako?" akaniuliza.

"Nimemrudisha."

"Basi mfikishe. Mto si huo?"

"Ana mwana," nikasema. "Mwana atamfikisha."

Akanitazama kama anavyoitazama sufuria iliyoungua. Kisha kikohozi kikamshika.

Nikakupigia. Mara ya kwanza ulikuwa unaendesha gari. Mara ya pili uliniambia likizo haipo mpaka mwakani. Mara ya tatu nikakuuliza wazi, "Mwanangu, utakuja lini?" Ukasema, "Kuja kufanya nini, baba mdogo? Mambo ya baba yamekwisha. Nimeona kwa macho yangu." Nikakusubiri uulize kitu kingine chochote, hata habari ya ng'ombe. Ukasema, "Niko mkutanoni," ukabonyeza.

Acha nikueleze na kisa cha tumbili, maana kimezagaa mji mzima na nataka ukisikie kutoka kwangu kabla Lakhpat hajakiongezea chumvi.

Kosa hili ni langu. Baba yako alikuwa anapenda arsa, yale maandazi matamu ya mchele, na siku ya Diwali mama yako mdogo alizikaanga, nami nikamfungia mbili kwenye kikaratasi, nikazining'iniza pembeni ya kitambaa chake. Mchana yule tumbili jike mwenye mkia nusu akashuka tawini. Hakutaka tu arsa. Alivuta fundo zima. Nikasimama kwa goti moja na kuanza kumrushia kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu nami ni viatu, kama kawaida. Nilirusha ndala, nikamkosa. Nikarusha raba, nikamkosa. Kiatu cha tatu kilikuwa cha ngozi nyeusi, kipya, kizito. Kilimgonga mgongoni, akaziachia arsa na kitambaa pamoja, kitambaa kikanasa kwenye tawi la chini, na kiatu kikaendelea na safari yake mpaka majini.

Mwenye kiatu alikuwa ofisa wa benki kutoka Meerut. Aliposhuka akasimama mbele yangu na soksi.

"Wewe mzee, kiatu changu kingine kiko wapi?"

"Kimekwenda Bengal, bwana. Kitafika kabla yako."

"Nilikukabidhi ukilinde."

"Nimekilinda saa nzima. Kisha nikakihitaji."

"Ukakihitaji kwa ajili ya nini?"

"Kaka yangu alikuwa anaibiwa."

Akatazama juu. Tumbili alikuwa amekaa tawini anajikuna mgongo. "Kaka yako ni yule?"

"Yule ni mwizi. Kaka yangu ni yule aliye kwenye kitambaa."

Watu walikuwa wameshajaa, Lakhpat akiwa wa kwanza, ameacha maziwa yanachemka. Yule ofisa akakitazama kile kitambaa muda mrefu. Halafu akaketi kwenye ngazi, akavua soksi, akakichukua kile kiatu kilichobaki rafuni, akakiweka kando ya kiti changu. "Tumbili akirudi," akasema. Akaondoka kwenda kituo cha basi miguu mitupu, na mawe ya pale unayajua.

Nilitaka kumkimbilia nikamkosa kwa sababu ya goti. Nilikaa na kile kiatu nikikufikiria wewe, na nikikwambia niliyoyafikiria hutanitumia tena picha za Tanvi, kwa hiyo nayaruka.

Juzi akaja dada yako. Mama yako mdogo alishindwa kuvumilia, akampigia. Bisheshwari alipanda basi la alfajiri kutoka Srinagar yetu hii ya juu, amemwacha mumewe na mtihani wa wanafunzi wake, akashuka ngazi zote bila kunisalimu. Mimi nikajiandaa kupongezwa. Nilikuwa nimeokoa mifupa ya baba yake, nimepigana na mnyama.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikaonyesha juu.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita."

Akahesabu kwa vidole. Mwalimu wa hesabu huyo, lakini alihesabu kwa vidole. "Siku ishirini na tisa."

"Namsubiri mdogo wako."

"Amesema anakuja?"

"Hajasema."

"Umemwambia baba yuko hapa?"

Hapo nikaanza kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Baba mdogo, nakuuliza. Umemwambia?"

"Nilitaka aje bila kuambiwa."

Sijapata kumwona dada yako Bisi amekasirika hivyo, hata alipokuwa mdogo mkimfichia kandambili. Hakupaza sauti. Alisema, "Yashu amemweka baba kwenye kabati ili asisumbuke. Wewe umemtundika juu ya mti ili umshinde Yashu kwenye ugomvi. Yeye baba amemshtaki nani kati yenu?"

Nikamwambia sigombani, nasubiri tu. Akaniambia mto uko hatua sitini. Nikamwambia desturi inamtaka mwana wa kiume.

"Desturi haimtaki pia kwenye rafu ya viatu," akasema. "Huko tumeshapita. Na mimi je, baba mdogo? Mimi alinizaa nani, kampuni?"

Nimeishi miaka sabini na tatu na sijawahi kukosa la kumjibu mtu. Watu wanakuja kutoka vijiji vya jirani kunichokoza ili wasikie jibu. Lile swali lilinipita kama basi. Yashpal, nimekuwa nikikukasirikia wewe kwa mwezi mzima kwa kumwacha baba yako asubiri, na nilikuwa nimekaa chini yake na kiti, nikimsubirisha. Nalikiri hili kwa sababu ameniambia nilikiri. Hasira zangu kwako hazikupungua. Zimepata mwenzao tu, nami sasa ninakasirikia watu wawili, na mmoja namwona kila ninaponyoa.

Nikamfuata Panditi Ghananand, kuhani mzee wa ukoo wetu, ambaye macho yake yamebaki kidogo sana. Nilitegemea atanisaidia kupinga. Nikamweleza kwamba ni binti. Akasema, "Chait, siku hizi wana wa kiume wanatuma mifupa kwa posta. Binti aliyekuja kwa basi ananitosha. Waambie waniandalie ufuta."

Tumemshusha jana alfajiri.

Bisi alikwenda mpaka ngazi ya mwisho, akajizungushia mnyororo mkono wa kushoto. Maji ya mwezi huu yamepungua lakini bado yanavuta, na baridi yake inakata pumzi. Panditi alisoma jina la baba yako, la babu yako na la babu wa baba yako bila karatasi, na yote yalikuwa ya kiume. Madonge ya unga wa shayiri na ufuta yakatangulia. Kisha kitambaa.

Kitambaa kina pembe nne. Zinashikwa mbili mbili, wawili wakitazamana, ili kisifunguke kwa upande mmoja. Bisi alishika zake mbili. Zile nyingine nilizishika mimi, na zilikuwa zako. Nikawa natazama pembe zile mkononi mwangu na kukutukana kimoyomoyo, wewe na mikutano yako, pembe moja baada ya nyingine, mpaka Panditi akasema, "Achieni."

Tukaachia. Haichukui muda. Mama mkwe na mkamwana walimpokea pale pale wanapokutana, maji yakageuka rangi kidogo, halafu yakawa maji. Sikulia. Pale huwa panarusha matone.

Baadaye tukaenda kwa Panditi kuandika, kama anavyoandika kila anayemleta mtu wake mtoni. Alitoa kitabu cha Wapanwar wa kijiji chetu, kirefu kama mkono, kimefungwa kwa kitambaa. Mwanawe Kailash ndiye anayesoma sasa. Alifungua pale baba yako alipomleta babu yako, mwaka sabini na nne, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mwandiko wa kijeshi uliolala upande. Umeandikwa: "Mimi Jot Singh nimemleta baba yangu. Mdogo wangu Chait alikuwepo, alilalamika njaa." Miaka yote hiyo sikujua ameniandika hivyo. Kitabu kile hakifutwi, mwanangu. Wajukuu wa Tanvi watakuja hapa na kusoma kwamba nililalamika njaa.

Ndipo nikapata wazo. Kailash akashika kalamu, nikamwambia aandike hivi: "Jot Singh aliletwa ndani ya kopo la achari, ametumwa na mwanawe Yashpal, aliyekuwa mkutanoni." Nilikuwa nimelitunga tangu siku ya tumbili, nilikuwa nalipenda kila neno. Kailash akamtazama baba yake. Panditi akasema kwamba kitabu kinapokea kilicho kweli, na hilo, kwa alivyosikia, ni kweli.

Bisi akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Wino wa tarehe aliyoiandika Kailash ulikuwa haujakauka, ukamshika.

"Ya kwake ataandika mwenyewe," akasema.

"Hatakuja, Bisi."

"Basi itabaki tupu. Lakini si wewe wa kuijaza."

Akachukua kalamu, akaandika kwamba yeye Bisheshwari, binti, amemleta baba yake. Akaruka mstari mmoja, mpana kama vidole viwili. Chini yake akaniachia mimi. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kutunga, nikaandika jina langu na kwamba nilishika pembe mbili.

Juu ya ule mstari kuna dada yako, chini yake niko mimi. Kailash ameapa kwamba hataweka pale neno la mtu mwingine, hata akitumiwa kwa simu, hata kwa kampuni. Panditi Ghananand amepapasa ile nafasi kwa kidole ili aijue ilipo, akaniuliza una umri gani, nikamwambia arobaini na moja, akasema, "Ana muda mwingi kuliko mimi."

Mimi nina miaka sabini na tatu na goti moja. Sisemi zaidi.

Msalimie Renuka, mwambie sina neno naye. Tanvi mweleze kwamba ndama hajapewa jina na tunamsubiri atume. Mama yako mdogo anakusalimu na kukohoa. Lakhpat anakusalimu. Bisi alinikataza kukuandikia barua hii, kwa hiyo yeye hajakusalimu, lakini aliuliza kama huko umepata koti zuri.

Raghunathji akulinde barabarani na kwenye barafu, akupe maisha marefu, akili ya kutosha, na likizo.

Nabaki mwenye hasira nawe, kwa kuwa wewe ni wangu,

Baba yako mdogo akupendaye,
Chait Singh Panwar